Madonge Katika Ubongo: Ugonjwa wa Huntington na Jitihada za Kuuona Mapema



Ndugu msomaji, katika vijiji vya wavuvi kando ya Ziwa Maracaibo, nchini Venezuela, watu wameishi kwa vizazi vingi na ugonjwa wanaouita kwa jina fupi tu: "el mal", yaani "ubaya". Anayeupata huanza kuchezacheza mikono na mabega bila kutaka. Hupepesuka akitembea kama aliyelewa, tabia yake hubadilika, kisha polepole hupoteza uwezo wa kupanga mambo, wa kusema na hata wa kumeza chakula. Wengine wamezoea kuuita ugonjwa wa Mtakatifu Vitus, shahidi ambaye Wakristo wa Ulaya ya kale walimwomba awaombee dhidi ya magonjwa ya kutikisika mwili. Madaktari wanauita ugonjwa wa Huntington. Ni wa kurithi, unaua seli za ubongo, na mpaka leo hakuna dawa ya kuuponya.

Ndani ya seli hizo zinazokufa kuna madonge ya protini. Makala hii inaeleza madonge hayo ni nini, wanasayansi wanajaribuje kuyagundua ndani ya mtu aliye hai, na kwa nini kuyagundua ni jambo tofauti na kupima jeni. Ukisikia haraka haraka utadhani vipimo hivyo viwili ni kitu kimoja. Lakini kimoja kinasema juu ya jambo litakalokuja, na kingine kinasema juu ya jambo linalotokea sasa. Tofauti hiyo inagusa matibabu, na inagusa pia namna tunavyozungumza na familia zenye ugonjwa huu.

Ugonjwa unaopita kwa mzazi

Mwaka 1872 daktari kijana wa Marekani, George Huntington, aliandika makala juu ya familia alizozifahamu huko Long Island. Baba yake na babu yake walikuwa madaktari katika eneo lilelile, hivyo alikuwa na kumbukumbu za vizazi vitatu vya wagonjwa. Aliona kwamba mtoto wa mgonjwa akiupata, naye huweza kuupitisha kwa wanawe. Lakini mtoto akipita maisha yake yote bila kuupata, uzi umekatika, na wajukuu wako salama.

Leo tunajua sababu. Kila mmoja wetu ana nakala mbili za jeni husika, moja kutoka kwa baba na moja kutoka kwa mama. Katika Huntington, nakala moja yenye kasoro inatosha kuleta ugonjwa. Kwa hiyo kila mtoto wa mgonjwa ana uwezekano wa asilimia 50 wa kuirithi. Haijalishi awe wa kiume au wa kike, kifungua mimba au kitinda mimba. Na kama kaka zake watatu wamerithi, haina maana kwamba yeye amepona kwa zamu. Kwa kila mtoto ni kama sarafu inarushwa upya.

Dalili huanza mara nyingi kati ya umri wa miaka 30 na 50, na mgonjwa huishi nazo kwa takriban miaka 15 hadi 20. Tazama umri huo. Ni wakati ambapo mtu ameshaoa au kuolewa na ameshapata watoto. Mama anayeuona mkono wake ukicheza wenyewe hajifikirii yeye peke yake. Anawahesabu na watoto wake.

Rozari yenye punje nyingi mno

Watu wa Maracaibo ndio waliosaidia dunia kuipata jeni hii. Kuanzia mwaka 1979 mtafiti Mmarekani Nancy Wexler alikwenda huko, na baadaye alirudi na wenzake mwaka hadi mwaka. Walichukua damu na kuandika ukoo mmoja mkubwa ambao hatimaye ulifikia zaidi ya watu 18,000, wengi wao wakiwa uzao wa mwanamke mmoja aliyeishi mwanzoni mwa karne ya 19. Kwa msaada wa damu hiyo, mwaka 1983 ilijulikana kwamba jeni iko kwenye kromosomu ya 4. Ikachukua miaka mingine 10 kuipata yenyewe, mwaka 1993.

Kasoro iliyopatikana ni rahisi kuieleza. Maandishi ya DNA yana herufi nne: A, C, G na T. Mwanzoni mwa jeni ya Huntington kuna herufi tatu, CAG, zinazojirudia. Fikiri juu ya rozari: punje baada ya punje, zote zinafanana. Sisi sote tuna kamba hiyo ya CAG, CAG, CAG. Kinachotofautiana ni idadi ya punje.

Mwenye marudio 26 au pungufu hana shida. Mwenye 27 hadi 35 haugui mwenyewe, ingawa idadi inaweza kuongezeka kwa watoto wake. Kuanzia 36 hadi 39, wengine huugua na wengine huzeeka bila kuugua. Kuanzia 40 kwenda juu, mtu akiishi umri wa kawaida ataugua. Kwa kawaida kadiri punje zilivyo nyingi ndivyo ugonjwa unavyowahi. Wenye zaidi ya 60 huanza kuugua mara nyingi wakiwa bado watoto au vijana chini ya miaka 20.

Kwa hiyo kipimo cha jeni ni kazi ya kuhesabu. Damu kidogo inachukuliwa, punje zinahesabiwa, jibu linaandikwa. Idadi inayosomwa kwenye damu ya mtu akiwa na miaka 20 ni ileile, au karibu sana na ileile, itakayosomwa akiwa na miaka 50.

Protini inavyoganda

Jeni ni agizo. Protini ndiyo inayotekeleza agizo. Jeni hii inaagiza protini iitwayo huntingtini, protini kubwa yenye viungo zaidi ya 3,000 vilivyopangwa kwa mstari. Kila CAG katika jeni inaagiza kiungo kimoja kiitwacho glutamini. Jeni yenye punje 45 inatoa protini yenye mkia mrefu wa glutamini uliozidi kipimo.

Protini yoyote, ili ifanye kazi, lazima ikunjwe katika umbo lake, kama vile karatasi inavyokunjwa kuwa bahasha. Mkia mrefu wa glutamini haukunjiki vizuri, na tena unanata. Seli huikata protini hiyo vipande, na kipande kifupi chenye mkia kinashikana na kipande kingine, hivyo viwili vinakamata cha tatu, na kadhalika. Kila aliyewahi kupika uji anajua jambo hili: unga ukimwagwa vibaya hushikana, na dogo linavuta jingine mpaka yanakuwa madonge ambayo mwiko hauyavunji.

Seli ina njia zake za kujisafisha. Ina protini wasaidizi zinazokunja upya zilizokunjika vibaya, na ina mitambo ya kusaga takataka. Lakini seli nyingi za ubongo hazizaliwi upya. Zile ulizo nazo leo ndizo utakazozeeka nazo. Kazi ya usafi ikizidiwa kidogo kila siku kwa miaka 30, uchafu unabaki. Zinazoumia zaidi ni seli za sehemu ya ndani ya ubongo iitwayo striatamu, inayosaidia kuratibu mwendo. Ndiyo maana mwili unachezacheza bila amri.

Je, donge lenyewe ndilo adui?

Mwaka 1997 watafiti wa London waliokuwa wakichunguza panya waliopandikizwa sehemu ya jeni hii waliona madonge ndani ya kiini cha seli za ubongo. Mwaka huohuo wengine wakayaona katika ubongo wa watu waliokufa kwa Huntington. Wengi walidhani kesi imekwisha: mhalifu amekutwa mahali pa tukio.

Hapa somo la mantiki linatusaidia. Kila palipoungua nyumba utawakuta zimamoto, lakini hatusemi zimamoto ndio wachomaji. Mwaka 2004 watafiti wa Marekani walifuatilia seli moja moja za neva maabarani, siku baada ya siku. Waliona kwamba seli zilizofanikiwa kukusanya huntingtini mbovu katika donge moja kubwa ziliishi muda mrefu zaidi kuliko zile ambazo protini hiyo ilibaki imetawanyika. Ilielekea kwamba donge kubwa ni kama shimo la taka: seli imekusanya uchafu mahali pamoja ili uendelee kuonekana lakini usisambae.

Maoni ya watafiti wengi sasa ni kwamba sumu kubwa zaidi inaweza kuwa katika vipande vidogo vilivyoshikana vichache vichache, kabla ya kuwa donge kubwa. Suala halijafungwa. Lakini somo lake kwa anayetafuta kipimo ni wazi: haitoshi kusema "kuna donge". Lazima kipimo kieleze ni donge la aina gani, na linafanya nini.

Njia za kugundua

Kwa muda mrefu njia ya uhakika ya kuyaona madonge ilikuwa moja: kuukata ubongo wa marehemu, kuupaka rangi na kuutazama kwa hadubini. Jibu lilikuja wakati halimsaidii tena mgonjwa. Hatuwezi kuchukua kipande cha striatamu ya mtu aliye hai kila baada ya miezi sita. Hivyo watafiti wametafuta njia za pembeni, na inafaa tuzitaje moja moja.

Ya kwanza ni maji ya uti wa mgongo, yaani maji yanayouzunguka ubongo na uti wa mgongo. Daktari huyachukua kwa sindano sehemu ya chini ya mgongo. Seli za ubongo zinapoharibika, humwaga humo kiasi kidogo cha huntingtini mbovu. Ni kidogo mno, kiasi kwamba vipimo vya kawaida vya protini haviioni. Mwaka 2015 watafiti walionyesha kuwa inawezekana kuipima kwa njia inayotumia kingamwili mbili, moja ya kuikamata protini na nyingine ya kuiwashia taa, kisha mashine inahesabu molekuli moja moja. Walikuta kwamba kiasi hicho kiko juu zaidi kwa watu ambao ugonjwa umeendelea, na kwamba kinapatikana hata kwa wenye jeni ambao bado hawana dalili. Kumbuka hata hivyo: kipimo hiki kinahesabu protini mbovu iliyovuja majini, hakilioni donge likiwa ndani ya seli.

Ya pili ni kipimo cha mbegu. Akina mama wanaogandisha maziwa wanajua kwamba kijiko kimoja cha mtindi wa jana kinagandisha kibuyu kizima cha maziwa ya leo. Protini zilizoganda zina tabia inayofanana na hiyo. Basi mtaalamu huandaa protini safi ambayo bado haijaganda, anaweka tone la maji ya uti wa mgongo ya mgonjwa, anatikisa mchanganyiko huo kwa saa nyingi na kutazama. Kama tone lilikuwa na vipande vilivyoshikana, protini safi nayo inaganda mapema, na rangi maalumu inang'aa. Uzuri wake ni kwamba kipimo hiki kinapima tendo: je, vipande hivi vinaweza kuambukiza vingine umbo lao baya? Njia hii imeshafika hospitalini kwa ugonjwa adimu wa Creutzfeldt-Jakob, na kwa ugonjwa wa Parkinson utafiti mkubwa wa mwaka 2023 ulionyesha kuwa inafanya kazi vizuri. Kwa Huntington, watafiti wamekwisha kuonyesha kwamba maji ya uti wa mgongo ya wagonjwa yanaweza kuanzisha mgando wa huntingtini, lakini kazi hiyo bado ni ya maabara za utafiti.

Ya tatu ni picha ya ubongo iitwayo PET. Mtu anachomwa sindano ya dawa yenye mionzi kidogo, iliyotengenezwa ili inate kwenye huntingtini iliyoganda. Dawa inazunguka na damu, inafika kwenye ubongo, na pale inaponata mashine inaona mwanga. Dawa kama hiyo imekwisha kujaribiwa kwa watu nchini Ubelgiji. Ugumu wake ni mkubwa: mionzi ya kaboni inayotumika hupungua nusu kila baada ya dakika 20 hivi, kwa hiyo mtambo wa kuitengeneza lazima uwe jirani na chumba cha picha.

Ya nne haiangalii madonge kabisa, lakini inatajwa sana. Seli ya neva ikivunjika humwaga protini ya kiunzi chake iitwayo neurofilamenti. Hii inaweza kupimwa hata kwenye damu, na mwaka 2017 ilionyeshwa kuwa inapanda kwa wenye jeni ya Huntington kabla ya dalili. Ni kama moshi: unakuambia kuna kitu kinaungua, haukuambii ni kuni au ni paa. Hupanda pia katika magonjwa mengine ya neva.

Katika hizi zote, bado hakuna inayotumika katika hospitali za kawaida kuthibitisha Huntington. Uthibitisho hutolewa na kipimo cha jeni pamoja na macho ya daktari anayejua dalili. Basi kwa nini watu wanahangaika na madonge?

Kilicho katika uwezekano na kilicho katika tendo

Sisi tunaosoma falsafa tunafundishwa mapema tofauti ya Aristoteli, ambayo Mtakatifu Tomaso wa Akwino aliipokea: kitu kinaweza kuwapo katika uwezekano, na kinaweza kuwapo katika tendo. Mbegu ya mwembe ina uwezekano wa kuwa mwembe, lakini hakuna anayekwenda kupumzika chini ya kivuli cha mbegu.

Kijana wa miaka 22 mwenye punje 43 ana ugonjwa katika uwezekano. Anacheza mpira, anafaulu mitihani, mkono wake umetulia. Kumwita mgonjwa ni kusema lisilo kweli. Kumwambia "huna lolote" nalo ni uongo. Kati ya siku hiyo na siku ya dalili kuna njia ndefu, na humo ndani ya ubongo mambo yanatokea kimyakimya. Utafiti uliochapishwa mwaka 2025 umeonyesha kwamba katika seli za striatamu punje zenyewe huendelea kuongezeka: mtu aliyezaliwa na 40 na kitu, baadhi ya seli zake hufika zaidi ya 150 baada ya miaka mingi, na hapo ndipo seli hiyo inapoharibika haraka. Kipimo cha damu cha jeni hakiwezi kutuonyesha safari hiyo. Kinataja kituo cha mwisho cha basi. Hakisemi basi limefika wapi.

Kipimo cha madonge kinakusudiwa kusema basi limefika wapi. Ndiyo maana kina thamani kwa matibabu. Dalili zinapoonekana, seli nyingi za striatamu zimekwisha kufa, na hakuna dawa inayofufua seli ya neva. Dawa yoyote itakayozuia mgando itafaa zaidi ikitolewa mapema. Lakini utajuaje kwamba dawa inamsaidia mtu ambaye bado hana dalili? Huwezi kusubiri miaka 20. Unahitaji kitu unachoweza kukipima leo na tena mwakani. Mwaka 2022 wataalamu wa nchi mbalimbali walikubaliana kugawa ugonjwa huu katika hatua nne, kuanzia 0 hadi 3. Hatua ya 0 ni ya mwenye jeni asiye na mabadiliko yanayopimika. Hatua ya 1 ni ya yule ambaye vipimo, hasa picha za ubongo, vinaonyesha mabadiliko ingawa yeye hahisi kitu. Dalili zinaanza hatua ya 2, na katika hatua ya 3 mtu anashindwa shughuli zake za kila siku. Mpango huo umewekwa kwa ajili ya utafiti, ili dawa ziweze kujaribiwa kwa watu wa hatua za mwanzo.

Tahadhari moja ni lazima. Dawa iitwayo tominersen ilifanikiwa kupunguza huntingtini katika maji ya uti wa mgongo, na familia nyingi zilijaa matumaini. Mwezi Machi 2021 utoaji wa dawa hiyo katika jaribio kubwa ulisimamishwa, kwa kuwa wagonjwa hawakuonekana kupata nafuu iliyozidi hatari zake. Namba katika maabara ilikuwa imeshuka, lakini mtu mwenyewe hakupata nafuu. Kipimo ni mtumishi wa mgonjwa, na tunapaswa kumuuliza mgonjwa pia.

Kujua na kutojua

Nancy Wexler, niliyemtaja juu, hakwenda Maracaibo kama mgeni tu wa ugonjwa huu. Mama yake mzazi alikufa kwa Huntington mwaka 1978. Yeye mwenyewe alikuwa na sarafu yake hewani. Alisaidia kupatikana kwa jeni, kwa hiyo alisaidia kupatikana kwa kipimo, na bado alichagua kutopimwa. Mwaka 2020, akiwa na umri wa miaka zaidi ya 70, alitangaza hadharani kwamba anao ugonjwa huo.

Wengi wenye mzazi mgonjwa wamechagua kama yeye. Wengine huchagua kupimwa, kwa sababu wanataka kupanga ndoa, kazi au wito wao wakiwa wanajua. Miongozo ya kimataifa iliyotolewa mwaka 1994 iliheshimu njia zote mbili: kupimwa kuwe kwa hiari, mtu awe mtu mzima, apewe ushauri kabla na baada, na aruhusiwe kubadili nia hata jibu likiwa tayari mezani. Watoto wasio na dalili hawapimwi kwa ombi la wazazi, kwa sababu haki ya kuchagua ni yao watakapokua.

Katekisimu inatufundisha kwamba ukweli ni wa kupendwa, na pia kwamba hakuna anayelazimika kumfunulia ukweli mtu asiye na haki ya kuujua. Paroko, mwalimu, mkwe mtarajiwa au mwajiri hana haki ya kudai jibu la jeni la mtu. Lakini kati ya wachumba wenyewe hali ni nyingine: wanaojiandaa kupeana maisha yao yote wanahitaji kusaidiwa wazungumze mapema na kwa uaminifu juu ya historia ya familia, hata kama hakuna aliyepimwa. Vipimo vya madonge vitakapofika hospitalini, swali litakuwa zito zaidi. Kijana aliyekubali kujua kwamba ataugua siku moja anaweza asitake kujua kwamba imeanza mwezi huu. Asilazimishwe.

Je, upo kwetu?

Msomaji anaweza kuuliza kama jambo hili linawahusu Waafrika. Huntington ipo Afrika pia, ingawa kwa takwimu zinazojulikana ni ya nadra kuliko Ulaya. Lakini kuna ndugu yake anayetuhusu zaidi. Mwaka 2001 iligunduliwa jeni nyingine, JPH3, kwenye kromosomu ya 16, ambayo marudio yake yakizidi huleta ugonjwa unaofanana mno na Huntington: mwili kuchezacheza, akili kudhoofu, madonge ndani ya seli za neva, na urithi wa asilimia 50. Karibu familia zote zinazojulikana kuwa nao zina asili ya Afrika, na Afrika Kusini ndiko ulikochunguzwa sana. Maana yake ni kwamba Mwafrika mwenye dalili zote anaweza kupimwa Huntington, akaambiwa hana, na huku ana ugonjwa huu wa pili. Daktari anayejua hilo ataagiza kipimo cha pili badala ya kumrudisha nyumbani bila jibu.

Na pasipo jibu, sisi tunajua maneno yanayojaza nafasi: karogwa, laana ya ukoo, mlevi, pepo. Baba anapoanza kupepesuka, na shangazi yake alipepesuka vivyo hivyo, na babu pia, majirani huona mkono wa mchawi mmoja wa siku nyingi. Maelezo ya punje na madonge hayaondoi huzuni, lakini yanawaondolea watu mashtaka. Hakuna aliyetenda dhambi ili huyu awe mgonjwa.

Parokiani

Tarehe 18 Mei 2017, katika Ukumbi wa Paulo VI mjini Vatikani, Papa Fransisko alikutana na wagonjwa wa Huntington na familia zao, wengi wakiwa wametoka Amerika ya Kusini, wakiwemo watu wa Venezuela. Ujumbe wa siku ile ulikuwa kwamba ugonjwa huu usifichwe tena. Aliwashukuru wanaowauguza, akawatia moyo watafiti, na akawakumbusha kwamba hata lengo jema haliruhusu kuharibu viinitete vya binadamu.

Yapo mambo madogo tunayoweza kufanya bila maabara. Mgonjwa anayechezacheza kanisani asiondolewe mbele kwa kuwa "anawasumbua watu". Apewe kiti imara chenye mikono, na nafasi pembeni yake. Asiyeweza kumeza Hostia asikae miezi bila Komunyo: Sheria ya Kanisa, kanuni ya 925, inaruhusu Komunyo itolewe kwa umbo la divai peke yake pale inapolazimu. Anayejibu polepole apewe muda, kwa kuwa mara nyingi anaelewa zaidi ya anavyoweza kusema. Na Jumuiya Ndogo Ndogo inapomtembelea imuulize pia anayemuuguza amelala saa ngapi jana. Pengine huyo ni binti wa miaka 20 anayemlisha mama yake uji kwa kijiko, akijua kwamba sarafu yake bado iko hewani. Asiulizwe kama ameshapima. Apokelewe kijiko, akapumzike kidogo.